Kiti cha Dirishani

Mkasi ulipita chini ya uzi kwenye kola ya gauni, shanga zikamwagika kiganjani. Fundi akatabasamu. Mwanamke huyo, awe nani awe nani, leo atakoma.

Wenzake walikuwa wametoka kula. Yeye ndiyo kwanza ameamka chumba cha nyuma, anakolazwa kila mchana tangu alipougua. Maambukizi ya ubongo yalitaka kuondoka naye, yakashindwa. Kilichobaki, kwa maelezo yake mwenyewe, ni usahaulifu kidogo tu: majina ya watu, chungu jikoni, leo siku gani. "Nani asiyesahau?" aliwajibu waliomwonea huruma.

Majina yalimtoka, siku zilimtoka, ila wivu haukumtoka. Kiti cha dirishani kilikuwa chake! Hapo alipamba magauni ya mabibi harusi mpaka wakambandika jina la Mama Shanga. Sasa bosi anasema atakayemaliza gauni hili ndiye atakayekikalia. Na kila akiamka, gauni limezidi kupendeza. Kuna mtu anashona yeye akiwa amelala.

Hebu tazama kola hiyo. Shanga zimepangana kama punje za hindi, uzi hauonekani hata ukiigeuza. Lo, roho ilimuuma! Na mishono yote imelalia kushoto, eti mbwembwe. Huyo kizabizabina anajua kazi, na hilo ndilo lililomkera. Angekuwa hajui, angemwonea imani akamfundisha.

Muda mfupi tu uliopita, akiwa bado kitandani, alimsikia bosi mlangoni akimsindikiza mteja. "Mikono hii, dada, hata uisake wapi huipati." Kisha akashusha sauti. Kumbe wanamficha! Kazi yote aliyowafanyia, leo wananong'ona nyuma ya mlango.

Akakaza mkasi kwenye mkono wake wa kushoto, akaendelea kufumua. Kidole cha mkono wa kulia kilimwasha, kimetobokatoboka. Sijui kajichoma na nini huko jikoni.

"Njoo ukikalie basi, mwanakwetu," alinong'ona. "Njoo tuone."

Viatu vikasikika ukumbini. Akaweka mkasi, akazihamishia shanga mkono wa kushoto, akafumba ngumi na kuitumbukiza kwenye mfuko wa aproni. Bosi akaingia, akaiona kola tupu, akajibwaga kwenye kile kiti cha dirishani.

"Tena?"

Fundi akakaza uso. "Labda kaona kaharibu, kaamua kufumua mwenyewe."

"Nani?"

"Si huyo mliyemleta! Mnadhani sijui? Nilipougua mlinililia, nimepona mnanitafutia mwenzangu. Kama hamnitaki semeni, niondoke na sindano zangu."

Bosi machozi yalimlengalenga. Akauvuta ule mkono wa kulia, akakipapasa kidole kilichotobokatoboka.

"Hatujamleta mtu, mdogo wangu. Hii yote ni kazi yako. Kila siku unashona tangu asubuhi hadi uchoke, ukienda kulala kuna mtu anakuja kufumua. Nilikuwa nakuficha usivunjike moyo. Nilitaka umalize gauni, nikurudishie kiti chako mbele ya wote." Akainuka, sauti ikawa kali. "Ila sasa basi. Huyo mwenye kijicho nikimkamata, hakanyagi tena humu ndani, hata awe nani."

Ndani ya mfuko wa aproni, shanga zilimchoma kiganjani.