Mahubiri ya Kumzika Olinga

Petronilla alitema mate juu ya sanda, akayafuta kwa kiganja, akaendelea kushona.

Sanda ilikuwa ya Olinga. Mwaka mzima mtu huyo alikuwa ameishi Malaba, mpakani, akijiita fundi wa baiskeli, mkimbizi kutoka Uganda kama wengine wengi mwaka ule wa 1978. Juzi pombe ya chang'aa ilipomuua, mama mmoja muuza dagaa wa omena alikuja kumtazama, akapiga yowe. Huyu alikuwa sajini wa jeshi, alisema. Mmoja wa wale waliokuwa wakiingia nyumba za watu na kuwachukua.

Petronilla alijua maana ya kuchukuliwa. Mumewe, mwalimu Etyang, alichukuliwa huko ng'ambo, Uganda, miaka minne iliyopita, mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wake. Mkewe hakurudishiwa hata shati lake. Petronilla alivuka daraja na cherehani kichwani, akapanga chumba Malaba, na kanisani hakukanyaga tena. Wahubiri walimtia kichefuchefu. Kwao kila maiti ilikuwa ya mtu mwema. Mlevi, mwizi wa ng'ombe, mpiga mke, wote walikuwa "wamelala katika Bwana", na baada ya amina wahubiri wenyewe walikuwa wa kwanza kwenye sahani za kuku.

Kisha akaja Ochom. Yeye pia alitoka ng'ambo, mtu mwembamba, mpole, aliyelima shamba la kukodi Adungosi na kuhubiri Jumapili. Siku ya kumzika mama mmoja mfanyabiashara, Ochom alisema, "Dada yetu alikuwa mchoyo. Tumwombee." Watu waliguna. Petronilla, aliyekuwa amesimama nje ya ua, alijikuta akicheka.

Ochom ndiye aliyemfuata nyumbani na kumwambia, huku akitazama sakafu, "Mama, Mungu hahitaji kaburi ndipo ajue Etyang yuko wapi. Atafufuka. Sisemi atafufuka moyoni mwako. Nasema atafufuka na mwili wake, na sura yake." Wengine walikuwa wamemwambia maneno kama hayo, lakini huyu aliyasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Jumapili iliyofuata Petronilla alirudi kanisani.

Na sasa Ochom huyo huyo ndiye aliyemletea kitambaa cha sanda.

"Kwa nini mimi?" alimuuliza.

"Kwa sababu wewe una haki ya kukataa."

Hakukataa. Alishona.

Mchana, mzee wa kanisa, Emojong, alimkuta Ochom mlangoni mwa chumba cha marehemu. Chumba kilikuwa cha Emojong, na harufu ilikuwa imeshafika barabarani.

"Mhubiri, usituletee maneno," Emojong alisema. "Sema tu alikuwa mtu wa watu, alikufa ameokoka. Wafu hawasemwi."

"Siwezi, mzee."

"Basi soma tu Biblia, unyamaze."

"Nikinyamaza nitakuwa nimedanganya."

"Wewe ndiye ulikuwa unamletea uji! Ulimshika mkono mpaka akakata roho. Leo unataka kumwaibisha?"

Emojong alimgeukia Petronilla, aliyekuwa ameleta sanda, apate wa kumuunga mkono, akitabasamu. Petronilla alilitazama tabasamu lile, lililotaka kumtakasa muuaji ili chumba kipate mpangaji mwingine, akageuza uso.

Walimzika saa tisa, nje ya makaburi ya kanisa, kwa kuwa wenye jamaa waliozikwa humo walikataa. Watu walikuja wengi, hata kutoka Busia, lakini walisimama mbali, wamefunika pua. Hakuna aliyeimba. Ochom alisimama kwenye ukingo wa shimo, bila joho.

"Olinga aliua," alianza. "Katika machimbo ya mawe huko ng'ambo, mwezi wa sita, mwaka wa sabini na nne, aliua watu tisa kwa siku moja. Walipigishwa magoti. Nitayasema majina yao, maana hakuna aliyeyasema siku ile."

Aliyataja, moja baada ya jingine. La saba lilikuwa Etyang.

Nyuso zote zilimgeukia Petronilla. Yeye hakusikia tena kitu ila sauti ya Ochom. Bila shaka yule mnyama alikuwa amemwungamia kitandani, na Ochom alikuwa amebeba mzigo huo hadi hapa. Kati ya wahubiri wote, huyu mmoja alikuwa mkweli.

"Mnaniuliza kama Olinga aliamini ufufuo," Ochom aliendelea. "Aliamini kuliko ninyi. Ndiyo sababu alikunywa. Alijua wale tisa watafufuka na sura zao, na watamtambua. Anayesema anaamini na haogopi, huyo hajaamini bado."

"Maliza, mhubiri!" Emojong alinong'ona.

Petronilla alipita katikati ya watu hadi kwenye shimo. Alitaka kujua jambo moja tu, apate kumchukia yule maiti vizuri, mara moja, kisha arudi nyumbani.

"Mhubiri, alimpiga risasi mume wangu bila hata kusita?"

"Hapana, mama. Alikataa. Aliweka bunduki chini. Alisema, huyu ni mwalimu, aliwafundisha watoto wa dada yangu."

Petronilla aliutazama udongo mwekundu, kisha sanda aliyoishona mwenyewe.

"Kama alikataa, kwa nini alimuua?"

Ochom aliinua macho. Tangu waanze kujuana, hakuwahi kumtazama usoni.

"Kwa sababu nilimwamuru mara ya pili."