Lenzi ya Ijumaa

"Bofya tena, Mama."

"Nimebofya."

"Mara mbili, harakaharaka."

"Mwanangu, nimebofya mpaka kidole kinaota sugu. Haifunguki."

Ilikuwa Ijumaa nyingine, na lenzi imegoma tena. Lenzi ndilo jina mama huyo aliloipa ile programu ndogo ya kukuza maandishi kwenye skrini. Bila hiyo, kurasa za vitabu alizosahihishia nyumbani zilikuwa ukungu mtupu. Macho yalikuwa yamechoka, ingawa wachapishaji bado walimwita Mama Koma, kwa kuwa hakuna koma iliyowahi kumponyoka. Kazi ya wiki ilitakiwa ifike kwao kabla ya saa sita mchana. Siku nyingine zote lenzi ilifunguka bila neno. Ikifika Ijumaa, hata uibembeleze vipi, jiwe.

"Sasa zima kompyuta kabisa, halafu uwashe," alisema mwanawe kutoka huko mbali alikohamia kikazi. "Usikate simu."

Kompyuta ilikuwa nzito kuamka. Wakati wakisubiri, mwanawe aliuliza kama mlango wa jikoni bado unalia. Akauliza kama amekula, na amekula nini, na kama yule paka wa jirani bado anakuja kulala juu ya karatasi zake. Mama Koma alijibu kwa mkato, roho ikimsuta kwa kumpotezea kijana muda. Nyumba yao haikuzoea porojo za simu. Marehemu mumewe aliwalea wote kwa kanuni moja: simu ni ya shida, sema shida yako, kata. Mwanawe alikuwa ameirithi vilevile bila kupunguza. Miaka miwili tangu aondoke, hakuwahi kupiga yeye hata mara moja. Alipokea tu.

Sauti ya mtu ikasikika upande wa pili, ikimwita mwanawe kikaoni.

"Waanze bila mimi," alijibu. "Mama, sasa ingia kwenye mipangilio. Taratibu tu, hatuna haraka."

Ilipita saa nzima ndipo herufi zikatanuka kwenye skrini. Mama Koma akashukuru, akaomba radhi mara tatu, akakata. Kisha akabaki anaitazama simu kwa aibu. Mtu anaitwa kikaoni, na yeye anamng'ang'ania kwa sababu ya kidude kisichofunguka! Siku moja atachoka. Ataiona namba ya mama yake na kuiacha ilie mpaka inyamaze. Hilo lilimtisha kuliko upofu wenyewe.

Ijumaa iliyofuata lenzi ikagoma kama desturi yake. Alishika simu, akairudisha mezani. Akavuka barabara mpaka kwenye duka la kutolea nakala, akamwomba fundi aje kuitazama kompyuta yake. Fundi alikuwa dada mmoja mwenye kalamu sikioni na maneno machache. Aliketi, akabofya hapa na pale, na lenzi ikafunguka kabla mwenye nyumba hajajivutia kiti.

"Tayari?"

"Tayari. Ilikuwa imefungiwa tu. Ni kuondoa alama ya tiki mahali pamoja."

"Mwanangu huchukua saa nzima, na kazi yake ni hizihizi programu."

Fundi alikunja uso, akaendelea kupekua. "Kompyuta huandika kila kinachofanyika ndani yake, Mama. Ona hapa. Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, kuna mtu anaingia humu kwa mtandao kutoka mbali. Anaifungia lenzi, anatoka."

Mama Koma aliinamia skrini. "Ameiba nini?"

"Hakuna. Hajagusa kitu kingine."

"Basi ananitakia nini? Mimi kizee wa watu, nimemkosea nani?"

"Wapo watu wa namna hiyo, raha yao ni kuwatesa wenzao." Fundi akabadilisha neno la siri, akamwandikia jipya kwenye karatasi kwa herufi kubwa. "Nimembamizia mlango usoni. Haingii tena."

Kazi ilikwenda mbio asubuhi hiyo, na kurasa zikatumwa mapema kuliko wakati wowote. Hakuwa na sababu ya kumpigia mwanawe leo, wala Ijumaa ijayo, wala nyingine yoyote. Alijiambia kwamba kijana ametuliwa mzigo. Hata hivyo aliigeuza simu kifudifudi, kisha akaigeuza tena, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Saa tano simu ikalia. Ilikuwa namba ya mwanawe.

"Kuna shida gani?" aliuliza Mama Koma.

"Hakuna, Mama. Nimeona tu hujapiga." Mwanawe akakohoa. "Lenzi imefunguka?"

"Mbona unauliza?"

Sauti ya mwanawe ikawa ndogo, kama ya siku zile alipokuwa akivunja kikombe.

"Nahangaika tangu saa tatu kuingia humo nikufungulie. Inalikataa neno la siri."

Mama Koma aliitazama skrini. Herufi zilikuwa zimejipanga mbele yake, kubwa na nyeusi, kila koma mahali pake. Akavuta kiti, akaihamishia simu kwenye sikio linalosikia vizuri.

"Imegoma, mwanangu," alisema. "Hebu niambie nianzie wapi. Taratibu tu, hatuna haraka."