Ukoko wa Mbaruku

Baada ya miaka kumi na minne, Mbaruku alirudi nyumbani na riwaya aliyoandika kuhusu safari zake za kujitafuta. Dada yake, Mwanakhamisi, alimwonyesha sahani iliyofunikwa kawa mezani.

"Mama alikufunikia chakula kila siku, mpaka alipofariki mwezi uliopita. Niliiosha sahani, lakini sijaweza kuiondoa."

Mbaruku akashika kiti. "Chakula gani?"

"Wali, na ukoko juu yake. Si ulikuwa ukiulilia wewe?" Akaitazama riwaya. "Humo hukuuandika?"

Hakuuandika. Alikuwa amesahau kabisa.

Akafunua kawa. Sahani ilikuwa tupu, safi, kavu. Akaiweka riwaya ndani yake, akaifunika taratibu, kisha akakaa pembeni, kama anayemsubiri mwenye chakula arudi.