Jino Lililovuka Maji

Kwenye daftari la mapokezi ya kliniki ya meno, Mzee Boga aliandika jina la shemeji yake. Kisha akaketi kiti cha pembeni kabisa, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, leso ameikandamiza shavuni.

Siku ya tatu hiyo hajalala. Gego la juu, upande wa kulia, lilikuwa likimpwita kama ngoma. Alikuwa amejaribu mafuta ya karafuu, maji ya chumvi, vidonge na, mwishowe, matusi. Asubuhi hiyo mkewe, Mwanasaumu, alichoka kumsikiliza.

"Bwana wee, jino hilo utalibembeleza mpaka lini? Nenda Kisauni, pale Mishomoroni, kwa yule binti daktari. Watu wamsifu."

Basi akapanda feri kutoka Likoni, akimwomba Mungu asikutane na mtu amjuaye. Ikisikika kwamba Boga amemkwepa daktari wa mtaani kwao na kwenda kutibiwa Kisauni, uso wake atauweka wapi?

"Bwana Menza!" msaidizi aliita. "Bwana Menza! Nani Menza hapa?"

Mara ya tatu ndipo mzee alipokumbuka kuwa Menza ni yeye.

Daktari Jalila alikuwa rika la kitindamimba wake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Boga alijilaza, akageuza kichwa upande, akapanua kinywa kabla hajaambiwa.

"Mashallah," alisema Jalila. "Laiti wagonjwa wote wangekuwa kama wewe."

Alilipiga jino picha, akaitazama. "Neva imeoza, lakini jino lenyewe ni zima. Nitaisafisha mizizi, niizibe, ubaki na jino lako."

"Ling'oe tu, yaishe."

"Kitasa kikiharibika, baba, huwa mwang'oa mlango?"

Mzee alijikohoza. "Lakini mizizi ya gego hupinda. Chuma kitakukatikia humo ndani."

Jalila akamtazama vizuri. "Nani kakwambia hayo?"

"Watu."

"Waambie watu kwamba siku hizi tuna sindano zinazopinda kama unyasi, na mota ya kuzizungusha polepole. Kwani wewe watoka wapi?"

"Likoni."

"Likoni!" Jalila alicheka. "Kwa Daktari Koleo! Wamjua?"

"Tangu zamani."

"Sasa mbona hukwenda kwake, ukavuka maji yote haya?"

Mzee Boga alisita. Hakupenda uongo, na tayari alikuwa amesema mmoja pale mapokezi. "Wallahi," alisema, "kwa jino hili, yule simwamini."

Alidungwa ganzi. Jino likazungushiwa kipande cha mpira ili mate yasiliingie, na tangu hapo mzee hakuweza kusema neno. Jalila ndiye aliyesema.

"Huyo Koleo hatujaonana hata siku moja, lakini tuko kundi moja la madaktari kwenye simu. Juzi nilituma picha za mashine hii. Unajua aliandika nini? Kwamba ni vitu vya kuchezea watoto. Kwamba yeye miaka thelathini ametibu watu kwa mkono na koleo, na hakuna aliyerudi kulalamika. Atarudije, na jino limebaki kwenye ndoo?"

Mzee Boga alitoa mngurumo kooni.

"Pole, baba. Naona hata wewe amekuudhi."

Mota ilianza kuvuma, sauti yake ndogo kama ya cherehani ya jirani. Mzee alishika mikono ya kiti akingoja maumivu. Hayakuja. Kidude kidogo kando ya kichwa chake kililia, pi, pi, pi, kikamjulisha daktari kuwa sindano imefika mwisho wa mzizi. Mzee alikodoa macho akitafuta kukiona. Shingo ilimwinuka, msaidizi akairudisha.

Mzizi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

"Tumemaliza," alisema Jalila, akimvua mpira.

"Bado," alisema mzee.

"Tumemaliza, baba."

Alitazama saa ya ukutani. Hata saa nzima haikutimia. Alilibonyeza gego kwa ulimi, kisha kwa kidole. Lilikuwa limetulia tuli, kana kwamba si lile lililomtoa machozi alfajiri. Aliikazia macho mota.

"Kujifunza kitu hiki kwachukua siku ngapi?"

"Mbili. Jumamosi na Jumapili hii nafundisha hapa hapa. Lakini ni kwa madaktari tu."

"Kumejaa?"

"Imebaki nafasi moja. Nilimwekea Koleo, lakini haji ng'o. Kichwa chake kigumu kuliko gego lako."

"Huenda akaja."

"Akija, nitampikia biriani kwa mkono wangu."

Mzee Boga alitaka kuuliza kama ni ya kuku au ya mbuzi, lakini akajizuia. Aliaga, akashika njia.

Saa saba alikuwa amerudi Likoni. Nje ya zahanati ya Daktari Koleo, benchi lilikuwa limejaa watu walioshika mashavu. Mzee Boga aliwapita wote, akanyoosha mkono kuushika mlango.

"Mzee, heshima basi!" alifoka Achieng, msichana aliyehamia Likoni wiki hiyo. "Laini inaanzia huku nyuma. Sisi tuko hapa tangu saa tatu!"

Benchi zima likamgeukia. Mama Mweri, aliyekwisha kuacha meno manne nyuma ya mlango ule, alimvuta Achieng kwa upole akamketisha.

"Mwache apite, mwanangu. Akipanga foleni yeye, atatung'oa nani?"