Vidole Vinne

Siku ya tatu baada ya kumzika kaka yangu, walituletea mashua yake ya mashindano, vipande vipande. Baba, fundi aliyeiunda, alikwenda moja kwa moja kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoibeba mashua nzima kama uti wa mgongo. Ulikuwa umekatika katikati.

"Mkuku si muwa," alinong'ona, "ukatike hivi hivi."

Karakana yetu haina rula. Unene wa mkuku wa mashua ya mbio ni vidole vinne, basi. Baba akavipanga vyake pale ulipokatika. Kidole cha mwisho kikabaki hewani.

Akanitazama. Wiki ya kuuranda alikuwa kitandani, hoi kwa homa, akaniagiza: "Randa mpaka vidole vinne, mwanangu."

Nikaweka mkono wangu alipotoa wake. Vidole vyangu vinne vikaenea sawasawa.

"Mmeona nini?" Mama aliuliza, amesimama mlangoni.

Baba akaufunika mkono wangu kwa kiganja chake kipana.

"Niliuranda vibaya, mama watoto. Kosa ni langu."

Mama, aliyemkanda kwa maji wiki nzima ile, akaanza kuja tulipo.