Mtoto wa Mizani

Nesi Catherine alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi kabla hata hajasalimia.

"Nisameheni," alisema. "Mtoto wenu amepita mikononi mwangu miezi mitano, na sikuona kitu."

Walikuwa wodi ya watoto, pale hospitalini Korogwe. Semboja, baba wa mtoto, alisimama ukutani na mabuti yake ya shamba la mkonge. Mkewe Yasinta alikaa kitandani, Yordani mapajani. Kichwa cha Yordani kilikuwa kimevimba, mishipa imejitokeza, macho yameelekea chini na hayamfuati mtu. Mama wa kitanda cha pili alipokiona akamgeuza mtoto wake upande mwingine. Upesi upesi Yasinta akamfunika mwanawe kwa khanga.

Daktari alishawaeleza. Maji yamejaa kichwani muda mrefu. Kesho mtoto atapelekwa Dar es Salaam kuwekewa mrija wa kuyatoa. Uhai utapatikana, Mungu akipenda. Macho huenda yasirudi. Angeonekana mapema, angepona nayo.

Neno hilo "mapema" ndilo lililokuwa likimtafuna Catherine. Siku za kliniki kule kwenye zahanati yake ya Kang'ata, foleni ya kina mama hufika barabarani. Yeye humtundika mtoto kwenye mizani, akasoma uzito, akaita mwingine. Utepe wa kupimia kichwa alipewa, akautia mfukoni mwa koti, na humo ukabaki. Uvivu tu, haukuwa na jina lingine.

Keshokutwa alikuwa anaitwa Handeni, mbele ya kamati, kujibu malalamiko ya Semboja. Ponsiano, mwenzake wa zahanati, alimshauri akane. "Sema alikuwa mzima. Nani atakubishia?"

Hakuweza. Tena ajabu, kila alipomkumbuka Yordani, akilini alimjia mtoto mnene, kichwa cha kawaida kabisa, analia njaa kwenye mizani huku Yasinta akihangaika kumvalisha aondoke naye bila hata kumpa ziwa. "Leo umemnyima?" alimtania siku ile. Yasinta hakucheka. Hata wifi yake Paulina, aliyekuwa amerudi kwao kutoka Chanika kulelewa uzazi na ambaye kila kliniki alisubiri ng'ambo tu ya uzio, karibu na mizani, hakucheka. Catherine aliichukia kumbukumbu hiyo. Mkosaji hakosi cha kujifariji.

"Mimi niko mkonge," Semboja alisema, "narudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kila nikirudi naona kichwa kimeongezeka. Nauliza, kliniki wanasemaje? Naambiwa wanasema anaendelea vizuri!" Akamnyooshea Catherine kidole. "Mficha maradhi kilio humfichua. Mmeuficha ugonjwa wa mwanangu mpaka umemla macho!"

Yasinta alitazama chini.

"Ni kweli, kaka," Catherine alisema. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Mbele ya kamati nitakiri hivyo hivyo. Wakinifukuza kazi, nimestahili. Nikifungwa pia, nimestahili."

"Utafungwa," Semboja alisema.

"Baba Yordani, muache," Yasinta alinong'ona.

"Nimuache? Unamwonea huruma huyu?"

Yasinta alimkumbatia mtoto, mabega yakaanza kumtetemeka, na Catherine, aliyedhani ni hasira, akainamisha kichwa kungoja tusi lake. Alilitaka. Lingekuwa afadhali kuliko ukimya ule.

"Kijijini wangenisema," Yasinta alianza. "Mama mkwe alishaanza kuuliza nimevunja mwiko gani. Nikajua nikimvua kofia tu mbele ya wanawake wale wa kliniki, nimekwisha."

"Lakini ulimleta," Catherine alisema kwa upole. "Hukukosa kliniki hata moja. Kosa ni langu."

Yasinta alimshika mkono, akamvuta asimame.

"Inuka, dada. Huyu ndiyo kwanza unamwona. Yule niliyekuwa nakuletea ni mtoto wa Paulina."