Mbuzi wa Jumamosi

Bibi Paskalia alikoroga uji wa mahindi, akatia sukari bila kubana mkono, kisha akachungulia njiani. Hakukuwa na mtu. Akamsogezea mbuzi sufuria. Mbuzi akanywa wote, akalamba na pembeni.

Violeth alikuwa amekataza. Mbuzi asionje kitu tangu usiku mpaka damu itolewe.

Mbuzi huyo alitumbukia kwenye duara, yale mashimo ya dhahabu ambayo wachimbaji wa Rwamgasa huyaacha wazi, akapasuka kichwa. Bibi alikuwa ameshachukua kisu, watu wa utafiti wa mifugo kutoka Shinyanga wakamzuia. Wakamvalisha mbuzi hereni yenye namba ya simu ya ofisi, wakamleta Violeth, binti mwembamba wa kushika sindano.

"Kichwa kikiumia, Bibi," Violeth alimweleza, "mwili wote unasahau namna ya kutumia chakula. Sukari inajaa kwenye damu, ubongo wenyewe unashinda njaa. Tukielewa kwa mbuzi, tutawasaidia na wachimbaji wanaoangukiwa na mawe."

"Na sukari ikikaa sawa?"

"Basi amepona. Tunafunga kazi, tunakuacha upumzike."

Upumzike! Bibi alikuwa amepumzika vya kutosha. Mumewe yuko kaburini. Mwanawe Fredy alifuata dhahabu Chunya, na simu yake ni mpaka Krismasi. Pale nyumbani waliobaki kusema ni kuku, na bati likipigwa na upepo. Ndipo sukari ya chai ikaanza kwenda kwa mbuzi.

Na Violeth akaendelea kuja kila Jumamosi. Zamani alishushwa na gari jeupe la ofisi. Tangu Pasaka anakuja kwa bodaboda. Gari bovu, anasema. Majibu ya damu siku hizi haandiki, anasema anayaweka kichwani. Akishamchoma mbuzi sindano, anafunga mkoba upesi na kuuliza, "Bibi, leo tunapika nini?" Wanakaa jikoni wanamenya viazi mpaka jua linageuka.

"Kwenu hawakungoji, mwanangu?"

"Kwetu ni Tukuyu, Bibi. Pale Shinyanga nikifunga mlango, wa kubisha hodi hayupo."

"Basi kula. Ubongo wako usije ukashinda njaa kama wa mbuzi."

Violeth alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

Pamba ilipoanza kuvunwa, mbuzi akavimba tumbo likawa kama ngoma. Uji ulikuwa umemzidi. Ijumaa asubuhi Bibi alimkuta zizini amekakamaa, miguu imenyooka.

Akaketi chini kando yake. Hakuwa anamlilia mbuzi. Alikuwa anaiona kesho: binti anafika, anatazama, anafunga mkoba wake, kwaheri Bibi.

Akanyanyuka. Akaikata ile hereni sikioni, akaenda nayo kwa jirani yake Nkwabi, mwenye simu.

"Nipigie namba hii. Nataka waniletee mbuzi mwingine."

"Mbuzi gani?"

"Aliyeumia kichwa."

"Mayu, mama yangu! Hao nao wanauzwa mnada gani?" Nkwabi alicheka, lakini akapiga, akasema kuna bibi anataka kuongea, akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya mwanamume.

"Marahaba, baba. Yule mbuzi wenu wa Rwamgasa amekufa. Nawaomba mniletee mwingine leo leo, kesho Violeth asije akakosa wa kumtoa damu."



"Mama, utafiti wa mbuzi tuliufunga kabla ya Pasaka," sauti ikasema taratibu. "Na Violeth tulimwachisha kazi siku hiyohiyo, hata hatujui alikwenda wapi."